Asante mzee wa stesheni ya Varanasi
Jina lake hatulijui ila mi na mume wangu tunamshukuru toka moyoni. Tulikuwa tumekaa stesheni ya Varanasi, India, na mabegi yetu, tunasubiri treni ya usiku ya Kolkata, mzee akaomba aone tiketi akashtuka, kumbe imeandikwa DDU, stesheni nyingine kabisa, ile Mughalsarai ya zamani iliyobadilishwa jina 2018, iko ng'ambo ya mto Ganges, zaidi ya kilomita 15 kwa barabara! Akatutoa mbio mpaka nje, akapatana bei na dereva wa bajaji kwa Kihindi, akamwambia asisimame popote, hela yetu akakataa katakata. Treni tuliiwahi zimebaki dakika 6 tu. Hatukupata hata nafasi ya kumuaga vizuri, inatuuma mpaka leo. Baba, Mungu akuzidishie afya.