Maksi za kutafuta kosa ziko wapi?

Mhariri,

Mie nasoma kompyuta mwaka wa tatu, chuo kimoja hapa Mombasa, jina niachie. Semista hii tulipewa kazi ya kuandika sheli, na sio ile ya mafuta, manake mamangu aliponisikia aliniuliza siku hizi mnasomea kuuza petroli? Ni ile programu inayokaa ikingoja umwandikie amri, ukiandika ls inakutolea mafaili. Ya kwanza ya Unix, ule mfumo wa kuendesha kompyuta, aliiandika Ken Thompson mwaka 1971, so si mambo mageni, lakini ukiambiwa uandike yako kwa lugha ya C ndo utajua hujui.

Yangu ilikuwa na ugonjwa wa ajabu. Inaenda sawa mpaka nikosee amri, tuseme lss, inaniambia haipo, poa, naendelea. Sasa nikitaka kutoka naandika exit, haitoki. Naandika tena ndo inatoka. Nikikosea mara tatu lazima niandike exit mara nne! Nilikesha siku mbili nyumbani Kisauni, stima inapotea inarudi na betri ya laptop ilishakufa zamani, nikishuku kila mstari isipokuwa ule wenyewe.

Mwishowe nikaweka namba ya prosesi, yaani ya programu inayofanya kazi saa hiyo, kando ya ile alama ya kungojea amri. Baada ya lss namba ikabadilika. Kumbe sheli ikipewa amri inazaa mtoto kwanza kwa fork, anafanana nayo kila kitu, halafu mtoto anaitiwa exec ajigeuze awe hiyo amri. Amri isipokuwepo exec inashindwa, na mie mtoto wangu sikumwambia afe, kwa hivyo anarudi kwenye luupu, ule mzunguko wa kungoja amri, anaanza kunisomea amri yeye, na mzazi yuko nyuma anamngoja amalize. Kila exit ilikuwa inamuua mmoja tu. Dawa ni mstari mmoja chini ya exec, _exit(127), yaani mtoto afe.

Siku ya kusahihisha mwalimu akajaribu amri tano, basi. Jamaa aliyekopi ya mwaka jana akapata 18 kwa 20. Mie 13, kwa sababu paipu, ile njia ya kupitisha data kutoka amri moja kwenda nyingine, iliniganda, nilisahau kufunga upande wa kuandikia kwa mzazi, wc, amri ya kuhesabu maneno, ikakaa inangoja data isiyokuja. Hiyo ni haki yangu sikatai. Lakini nilimuuliza yule jamaa mbona cd, amri ya kuhama folda, haifanywi na mtoto, akacheka tu. Mtoto akihama folda amehama peke yake, akifa mzazi yuko pale pale, si jambo kubwa kama umeiandika mwenyewe.

Naomba walimu wetu wamwite kila mtu dakika tano, waharibu mstari mmoja kwenye kazi yake wamwambie tafuta. Najua watasema tuko wengi. Tuko 90, nimepiga hesabu, ni saa saba na nusu. Niko tayari kuanza mie.

Mwanafunzi,
Kisauni, Mombasa