Barua kwa Mama Neema: treni ya Flåm na koti lako la Bergen

Uyole, Mbeya
14 Aprili 2025

Mpendwa Mama Neema,

Kamwene, dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Gangilonga pamoja na shemeji na wajukuu. Sisi huku hatujambo, isipokuwa magoti yangu, ambayo tangu mvua zianze yamekuwa yakilalamikia kila ngazi. Najua nimekaa kimya tangu tulipoagana kwenye msiba wa Ilula, na ungekuwa na haki ya kuichana barua hii kabla ya kuisoma. Tafadhali isome kwanza, uichane baadaye, kwa sababu nina shida, na katika watu wote ninaowafahamu ni wewe peke yako uliyewahi kuishi mahali shida yenyewe ilipo.

Binti yetu Tumaini na mumewe wametulipia safari ya meli ya kitalii kwa ajili ya miaka 40 ya ndoa yetu. Meli itaondoka Hamburg mwezi wa sita, itatembea pwani ya Norwei kwa siku saba na kuturudisha palepale, baada ya kupita Bergen, Flåm, Geiranger na Stavanger. Viza moja ya Schengen inatosha kwa nchi zote mbili na tumeshaipata, kwa hiyo hapo sina la kukusumbua. Chumba kimelipwa na chakula kimelipwa. Yaliyobaki ni matembezi ya nchi kavu katika kila bandari, na hayo tumeambiwa tuchague wenyewe na tulipe wenyewe kabla mwezi huu haujaisha, kwa kuwa nafasi hujaa mapema.

Orodha yenyewe, dada, ni ndefu kuliko mtaala tuliokuwa tukifundishia. Kila tembezi lina picha ya mtu anayecheka chini ya jua kali, ilhali nakumbuka vizuri ulivyokuwa ukituandikia kutoka Bergen kwamba nguo ulizofua Jumatatu zilikauka Jumapili, tena ndani ya nyumba. Pembeni ya kila tembezi kuna alama ya mtu anayetembea: mtu mmoja maana yake ni njia rahisi, watu watatu maana yake ujiandae kupanda mlima. Shemeji yako ameamua kwamba alama hizo ni za kuwatisha Wazungu na kwamba mtu aliyekulia Tukuyu akibeba ndizi mgongoni hahusiki nazo. Mimi nimezisoma kwa magoti yangu, na kila penye watu watatu nimepiga mstari mwekundu.

Mstari huo umeliondoa lile jabali la Preikestolen karibu na Stavanger, ambalo nilikuwa nikiwaonyesha wanafunzi kwenye picha bila kujua kwamba siku moja nitaalikwa kulipanda. Ni mwamba bapa uliosimama mita 604 juu ya maji, hauna hata kizuizi ukingoni, na kwenda na kurudi kwa miguu ni kama kilomita nane. Shemeji yako alinyamaza kidogo aliposikia habari ya kizuizi. Kuna boti inayopita chini yake, lakini nadhani Stavanger tutatembea tu katika mji wa kale, kwenye zile nyumba nyeupe za mbao zilizo karibu na gati, bila kumlipa mtu yeyote.

Baada ya kuisoma orodha hiyo usiku tatu mfululizo nimegundua jambo moja, na ningependa uniambie kama nimekosea. Matembezi mengi yanakuuzia kitu ambacho meli yenyewe itakupitisha ukiwa umeketi kwenye sitaha na kikombe cha chai mkononi. Huko Geiranger, kwa mfano, wanauza safari ya boti ya kwenda kuona maporomoko yanayoitwa Dada Saba, na upande wa pili wa maji kuna poromoko jingine linaloitwa Mchumba, ambaye wanasema amekuwa akiwaposa wale dada bila kuchoka na bila kukubaliwa. Nilipoitazama ramani nikaona kwamba meli haina njia nyingine ya kufika Geiranger ila kupita katikati ya Mchumba na wachumba zake. Kwa nini nilipie boti? Tena ile mikono ya bahari iliyoingia kati ya milima, ambayo wenyewe huiita fyodi, ndiyo niliyoifundisha darasani kwa chaki miaka yote: barafu iliyochimba bonde, kisha bahari ikaingia. Sognefjord peke yake ina urefu wa zaidi ya kilomita 200 na kina kinachozidi mita 1,300, karibu mara mbili ya kina cha Ziwa Nyasa letu. Mimi hayo maji yananitosha. Ningeweza kukaa pale juu siku zote saba nikiyatazama tu.

La pili ni kwamba wanatuuzia vilele sisi watu wa vilele. Huko huko Geiranger kuna basi la kwenda Dalsnibba, na orodha inausifia urefu wake wa mita 1,500 hivi kama kwamba ni mlango wa mbinguni. Mama Neema, kituo cha reli cha hapa Uyole kiko mita 1,789 juu ya usawa wa bahari. Dalsnibba ni chini ya jiko langu! Nakubali kwamba kule kuna theluji hata mwezi wa sita na hapa kwetu kuna viazi, na mwalimu wa jiografia hapaswi kusahau habari ya latitudo, lakini pesa ninazo kidogo na kejeli ninayo nyingi. Kuna pia barabara ya kona 11 inayopanda kutoka majini, na picha yake imewekwa ili tushtuke. Aliyeteremka mlima Kitonga usiku ndani ya basi lililokuwa likishindana na lori la shaba atashtushwa na kona 11?

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo nimelizunguka tangu mwanzo. Ni treni ya Flåm.

Treni hii inaanzia kwenye gati, kando ya maji, na ndani ya kilomita 20 tu inafika kituo cha Myrdal, mita 867 juu. Ina mahandaki 20, na 18 kati ya hayo yalichimbwa kwa mikono. Shemeji yako alipoona mita 867 alicheka, akasema huo ni nusu ya Uyole na bado haujafika nusu. Kisha akasoma mstari uliofuata na kicheko kikakatika. Mwinuko wake ni mita moja kwa kila mita 18, na kwa sehemu kubwa ya njia ndivyo ulivyo. Alinyanyuka akaenda kuleta daftari lake la zamani la kazini, lile lenye jalada la kijani lililoliwa na mende pembeni, akapiga hesabu akiwa amesimama, akaipiga tena, akavua miwani. Akaniambia kwamba kwenye TAZARA, reli aliyoifanyia kazi, mwinuko wa namna hiyo haupo popote, kwamba hata kati ya Mlimba na Makambako, ambako wao walikuwa wakilala macho kwa sababu ya madaraja na mahandaki, mtu asingethubutu. Tangu siku hiyo hazungumzii kitu kingine. Asubuhi anaswaki anauliza breki zao ni za namna gani.

Tatizo ni bei. Tembezi hilo kwa watu wawili, likinunuliwa kupitia kampuni ya meli, nililigeuza kuwa shilingi, kisha nikazigeuza shilingi kuwa viazi, magunia ya lumbesa, nikaifunga kompyuta ya mjukuu na kwenda kulala. Ni pesa inayozidi matembezi yote mengine tuliyokubaliana kuyafikiria. Tiketi hiyohiyo inauzwa na wenye reli wenyewe kwa bei ya chini, na kituo kiko hatua chache kutoka meli inapofunga kamba. Kupanda ni kama saa moja na kushuka ni saa moja, na meli inakaa pale kuanzia asubuhi hadi jioni. Kwa akili ya kawaida tungenunua wenyewe. Lakini masharti yanasema waziwazi kwamba ukienda na tembezi la meli na likachelewa, meli itakusubiri au watagharamia kukufikisha bandari inayofuata. Ukienda kivyako ukachelewa, meli inang'oa nanga na wewe utajijua.

Na wewe unajua tulivyo na historia katika jambo hilo. Sitalitaja basi lile, lakini siku ile pale Ruaha Mbuyuni kondakta alisema dakika kumi, shemeji yako akashuka kununua vitunguu, akaanza kubishana juu ya shilingi mia mbili, na mimi nikamwona kupitia dirishani akiwa mdogo, akiwa mdogo zaidi, na kikapu chake kichwani, basi likiondoka. Nilipiga kelele hadi Kitonga. Alifika Iringa saa nne usiku kwenye lori la mbao, vitunguu vyote vikiwa salama, na hadi leo anasema kosa lilikuwa la basi. Sasa mfikirie mtu huyo Myrdal, amekutana na fundi wa reli wa Kinorwei, wanazungumzia breki!

Hapo ndipo nilipokwama, kwa maana sasa suala limekwisha kuwa jingine. Nilikuwa nimepanga kumwambia kwamba treni haiwezekani, kwamba tutakaa kando ya maji pale Flåm tukitazama, na kwamba Bergen tutapanda ile treni fupi inayovutwa kwa kamba ya chuma kwenda mlima Fløyen, mita 320, iliyoanza kazi tangu 1918, ambayo tiketi yake mtu hukata palepale mjini, ili naye awe ameonja reli. Hilo lingekuwa la busara. Lakini juzi nilikumbuka safari yetu ya kwanza baada ya harusi, alipopata ruhusa ya kunichukua kutoka Mlimba. Usiku kucha alisimama dirishani na taa yake ya mkono akiyahesabu mahandaki kwa sauti, na kila tulipoingia moja alinigeukia kuangalia kama nimeogopa. Sikulala hata kidogo, na nilikuwa na hasira. Katika maisha yake yote ya kazi hajawahi kupanda treni ambayo si wajibu wake kuikagua, na sasa ana miaka 70, na wanaotoka melini siku hiyo watakuwa wengi na viti vitakwisha.

Viazi vya msimu huu bado viko ardhini. Nimekwisha kuzungumza na yule mnunuzi wa Isyesye anilipe nusu kabla ya kuchimba, jambo ambalo shemeji yako halijui, nami nakuomba usiliweke kwenye simu mkizungumza.

Kuhusu mavazi, nilifanya kama kila mtu wa Mbeya, nikaenda Mwanjelwa kwenye mitumba, nikapata koti zito la sufu ambalo bila shaka lilitoka hukohuko ninakokwenda. Nililivaa nikajiona mtu. Kisha nikakumbuka maneno yako kwamba baridi ya Bergen si kama yetu, ambayo hukung'ata alfajiri na kufikia saa sita imekwisha kukusamehe. Ile ni ya maji na upepo, inakaa na wewe kutwa. Nikalitandaza koti uani, nikalimwagia kikombe kimoja cha maji. Liliyanywa yote, tone halikubaki. Sasa nakuomba lile koti lako la buluu lenye kofia, lile ulilorudi nalo, kama mende wa Gangilonga hawajaliwahi. Nitavaa fulana na sweta mbili ndani yake na kulifungia hapo juu. Ukilikabidhi kwa basi lolote la asubuhi, mwambie kondakta ashushe kifurushi stendi ya Nanenane, nami nitakuwa nimesimama pale na mwavuli.

Nijibu haraka, tafadhali, ikiwezekana kabla ya tarehe 25. Je, wewe uliwahi kuipanda treni hiyo ulipokuwa chuoni, au ulikuwa ukiisikia tu? Ikiwa uliipanda, tukae upande gani wa behewa wakati wa kupanda ili tuyaone maporomoko ya Kjosfossen, na ni kweli kwamba treni husimama pale watu washuke? Je, kwa mtu unayemfahamu kama shemeji yako, ungethubutu kununua tiketi kituoni, au ungelipa ile bei ya meli ili ulale usingizi? Bergen mtu mwenye magoti kama yangu anaweza kutembea kutoka gatini hadi zile nyumba za mbao za Bryggen, ambamo wazee wa Kijerumani walikuwa wakiuza samaki wakavu, au tutafute basi? Na hao samaki wakavu bado wanauzwa, maana nimemwahidi Mama Lusajo kumletea walinganishwe na usipa wa Kyela? Glavu ni lazima mwezi wa sita? Mtu akiwa na njaa mjini, anaweza kula mkate wake alioutoa melini bila kutazamwa vibaya?

Na koti, dada: mifuko yake inafungwa kwa zipu au kwa vifungo? Nauliza kwa sababu nataka tiketi za kurudi melini zikae kwangu.

Wasalimie wote, hasa Neema na mtoto.

Ni mimi dada yako,
Mama Tumaini