Wilt na Curry msiwapime mzani mmoja

Mhariri, huu ubishi wa nani mkali NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, wachezaji wa zamani au wa sasa, mi naona ni ushabiki tu maana hata sheria sio zilezile. Wilt Chamberlain alitupia pointi 100 mechi moja mwaka 1962, na mstari wa pointi tatu (ukifunga ukiwa nje yake unapata tatu badala ya mbili) haukuwepo kabisa, NBA waliuleta 1979, halafu enzi hizo za Wilt timu zilikuwa 9 tu, leo 30. Stephen Curry wa siku hizi naye msimu wa 2015-16 kafunga mitupo ya pointi tatu 402 ila siku hizi beki akikuwekea mkono kiunoni tu filimbi inalia, enzi za Michael Jordan, miaka ya 80 na 90, beki angekubana hivyo hadi ukome. Mi bado nipo na Wilt, kwenye zile 100, pointi 28 ni za mitupo ya faulo, tena anarusha kwa chini mikono miwili kama anamwaga ndoo ya maji, na video ya mechi hiyo hakuna!

Msomaji wako, Morogoro