Kwa nini mche wetu mfupi una bei kuliko mrefu wa barabarani

Wiki hii tena mteja wa kitalu chetu katuambia tunaumiza watu kwa bei. Miashoki yetu, ile miti myembamba inayopandwa kufuata ukuta ili kuziba macho ya watu, inafika kiunoni, na kando ya barabara ipo yenye kimo cha mtu kwa bei ya chini. Lawama hizi huja kila masika yakikaribia, maana ndipo wengi wanapokumbuka kwamba jirani ameinua ghorofa na dirisha lake linatazama uani, pale wanapoanika nguo.

Mche mrefu kwenye kiriba kidogo, yaani mfuko wa nailoni wa kuoteshea, ni mche uliododa. Upapase chini: mzizi umeshatoboa nailoni na kuzama ardhini. Muuzaji akiunyanyua, mzizi ule unakatika, nao ndio uliokuwa unaulisha. Mizizi iliyobaki ndani imejiviringa. Ukifika kwako utapendeza siku chache, kisha ncha zinaanza kukauka, nawe unazidi kumwaga maji. Mteja mmoja wa Tegeta alipanda safu nzima ya hiyo kufuata ukuta wote. Alipotuita, tuliing'oa kwa mkono mmoja, na udongo ukatoka bado una umbo la kiriba. Alinunua upya, akalipa vibarua upya, na masika yalikuwa yamempita.

Kitaluni kwetu viriba vinasogezwa mara kwa mara ili mzizi usishike ardhi, na mche ukizidi kimo unahamishiwa kiriba kikubwa. Hapo kuna vibarua, samadi, na maji ya boza wakati wa kiangazi. Bei yetu imetoka huko, na ndiyo maana hatuishushi.

Mwashoki unakwenda juu bila kutanuka, kwa hiyo unafaa uwanja mwembamba. Acha mita moja hadi moja na nusu kati ya mche na mche. Wengi wanaibananisha ili uzio uzibe haraka, halafu inagombania maji na mmoja mmoja inadumaa. Na tafadhali msifyeke matawi ya chini eti mti urefuke! Utabaki na vigogo vitupu, na mpita njia anakuona.

Fikasi, mti mwingine wa uzio, inaziba haraka na inapendeza ikikatwa vizuri, lakini mizizi yake inafuata maji. Kuna nyumba Mbezi choo kilikuwa kinarudisha maji kila mara. Fundi alipofukua bomba alikuta limejaa mizizi kama brashi. Karibu na ukuta, chemba au shimo la choo hatuipandi, hata mteja akisisitiza. Mnyaa nao ni rahisi, unachomeka kijiti tu, ila utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari, na penye watoto hatushauri. Kwa kiwanja kisicho na ukuta, michongoma inatosha: ina miiba, na ikikatwa mara kwa mara inashonana mpaka kuku hapiti.

Mashimo yachimbwe kabla ya mvua, udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza; mbichi inaunguza mizizi. Ukija kitaluni, njoo na urefu wa ukuta wako, na ujue bomba la maji na shimo la choo vimepita wapi. Hayo mawili tutakuuliza kabla hujachagua mche.