Barua ya wazi kwa Rais wa Bodi ya Kaunti ya Cook: Fedha za kodi ya bunduki na risasi ziwekwe peke yake

Kwa Mheshimiwa Rais wa Bodi ya Makamishna,
Kaunti ya Cook,
118 North Clark Street, Chicago

YAH: KODI YA BUNDUKI NA RISASI KUWA NA KASMA (FUNGU LA BAJETI) YAKE NA HESABU YAKE

Mheshimiwa,

Kwa heshima zote tunaomba dakika zako chache. Mwaka wa fedha wa kaunti unaanza 1 Desemba, na majira ya joto yamepita kama tulivyoyazoea hapa: wikendi za sikukuu za Memorial Day, Julai 4, Labor Day, kila moja na orodha yake ya waliopigwa risasi. Tunaandika kwa Kiswahili kwa kuwa mitaa ya Rogers Park na West Ridge ina familia, zikiwemo zilizotokea Kongo, zilizokimbia mtutu kule na kuukuta huku. Nazo ni walipakodi wa kaunti yako. Wakalimani mnao. Subira ndiyo imetuishia.

Kodi hii ilipoletwa mwaka 2012 wananchi waliambiwa kwamba bunduki zinaigharimu hospitali ya kaunti, basi anayenunua bunduki achangie. Ikapangwa dola 25 kwa kila bunduki, ikaanza kutozwa Aprili 2013. Risasi zikafuata 1 Juni 2016: senti 5 kwa kila risasi ambayo kiwashio chake kiko katikati ya kitako cha ganda, na senti 1 kwa zile ndogo, kama za .22, ambazo pini huzigonga ukingoni. Hoja tuliielewa, na tuliiunga mkono. Tunaiunga mkono hata leo.

Ila hesabu tunaijua pia. Wakati ule kaunti yenyewe ilitaja wastani wa dola 52,000 kumtibu mtu mmoja aliyepigwa risasi. Gawanya kwa 25: zinahitajika bunduki 2,080 kulipia mgonjwa mmoja. Kwa upande wa risasi, boksi la 50 la milimita 9 linaleta dola 2.50, kwa hiyo mgonjwa huyo huyo anahitaji maboksi 20,800, yaani risasi milioni moja na elfu arobaini. Na dola 52,000 zinakwisha upesi. Majeruhi anafika Stroger, hospitali ya kaunti, na risasi imepita kwenye kinena: damu inawekwa kabla hata ya kipimo, chumba cha upasuaji kinafunguliwa usiku, utumbo uliochanika unakatwa na kinyesi kinaelekezwa kwenye mfuko ubavuni. Nyonga iliyovunjika inashikwa kwa vyuma vilivyotokeza nje ya ngozi. Miezi kadhaa baadaye anarudi kuunganishwa utumbo, kisha mazoezi ya kutembea. Wengi hawana bima.

Kwa hiyo asitokee mtu akasema kodi hii inalipia matibabu. Haiwezi, haikuwahi kuweza, na kuipandisha mara kumi ni kuialika mahakama. Inachoweza ni kitu kidogo na cha thamani: kulipia, mwaka hadi mwaka, kazi zinazozuia risasi ya pili. Na ndiyo maana tunauliza, Mheshimiwa, fedha hizi zinakaa wapi?

Mahakama Kuu ya Illinois iliwauliza swali hilo hilo. Tarehe 21 Oktoba 2021, bila jaji hata mmoja kupinga, iliifuta kodi hii. Majaji walikubali kwamba kaunti inabeba gharama kubwa ya majeraha ya bunduki. Kilichowaangusha ni kwamba fedha za bunduki hazikuelekezwa kwenye mfuko wala mpango wowote mahususi wa kupunguza gharama ya ukatili wa bunduki, na za risasi hazikufungwa kisheria kwenye kazi yoyote ya kupunguza mauaji. Ukitoza watu fulani kwa sababu fulani, fedha nazo sharti ziifuate sababu hiyo. Miaka minane kodi ilisimama kwa mguu mmoja, na aliyeuondoa mguu wa pili si chama cha wenye bunduki, ni uandishi wa sheria yenu wenyewe.

Novemba 2021 Bodi ikairekebisha sheria, ikasema fedha ziende kwenye mipango ya kupunguza ukatili wa bunduki. Tulishukuru. Waliopinga hawakukaa kimya, wamerudi mahakamani. Sasa tazama: katika bajeti ya takriban dola bilioni 10, mstari mmoja unaosema "kodi ya bunduki" haumwambii mwananchi kitu. Bunduki ngapi zimelipiwa? Risasi za senti 5 ngapi, za senti 1 ngapi? Duka gani limechelewesha ritani, yaani taarifa yake ya kodi? Dola zilizopatikana zimelipa mshahara wa nani, mtaa gani? Mfuko mkubwa ni bahari. Dola za kodi hii zikishaingia humo hakuna wa kuzichota zikiwa zile zile. Na ruzuku ikitolewa kutoka mfuko mwingine kisha ikahesabiwa kuwa ndiyo matumizi ya kodi hii, mwanasheria wa upande wa pili ataligundua hilo mapema kuliko sisi.

Jiji la Seattle, jimbo la Washington, walikuwa makini zaidi. Walipitisha kodi kama hii mwaka 2015, dola 25 kwa bunduki, senti 2 kwa risasi za .22 na ndogo zaidi, senti 5 kwa nyingine, na tangu mwanzo walisema fedha ni za utafiti na kinga. Tarehe 10 Agosti 2017 Mahakama Kuu ya jimbo hilo ikawapa haki, majaji 8 kwa 1. Lakini walikisia dola 300,000 hadi 500,000 kwa mwaka, na mwaka wa kwanza wakapata kama dola 103,000. Sababu haihitaji mtaalamu: duka moja lilihamia Lynnwood, nje ya jiji, na wateja wakalifuata. Kodi ya eneo dogo ina mlango wazi kila upande.

Kwetu mlango huo tunaujua kwa majina. Mwenye kadi ya FOID, kibali cha Illinois cha kumiliki bunduki, anaenda kaunti jirani ya DuPage au Will, ananunua bastola ile ile, dola 25 hailipi. Jimbo la Indiana ni ng'ambo ya barabara tu: bastola ya dukani huko sheria ya shirikisho haimruhusu mkazi wa Illinois kuondoka nayo, lakini risasi anaweza kununua atakavyo, na kwa bastola yenyewe hupatikana mtu mwenye anwani ya Indiana wa kuinunua kwa jina lake kisha akaikabidhi. Ripoti ya jiji la Chicago ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba karibu asilimia 60 ya bunduki zilizokamatwa na kufuatiliwa zilitoka nje ya Illinois, Indiana peke yake ikiwa na asilimia 21. Hizo zote hazikulipa kaunti hata senti. Zile za kuunganishwa nyumbani, zisizo na namba, ndiyo kabisa. Dawa ya baadhi ya milango hiyo ni kodi ya jimbo zima, kama California ilivyoweka asilimia 11 kuanzia 1 Julai 2024 na kugusa hata sehemu za kuundia bunduki, au Colorado asilimia 6.5 kuanzia Aprili 2025. Tunakuomba uibebe hoja hiyo Springfield, makao makuu ya jimbo. Lakini usisubiri Springfield ndipo uweke hesabu sawa hapa.

Maana ukaguzi unawezekana leo. Kila muuzaji mwenye leseni ya shirikisho ana daftari la kuingiza na kutoa, ambalo kila bunduki iko kwa namba yake, siku iliyoingia na siku iliyotoka. Mkaguzi wa kodi achukue ritani ya mwezi, agawe kwa 25, alinganishe na zilizouzwa rejareja, aondoe walio na msamaha kama polisi wanaonunua kwa kazi. Nambari zisipolingana, aulize. Kwenye risasi ndiko kuna giza: tangu 1986 sheria ya shirikisho haimlazimishi muuzaji kuandikisha mauzo ya risasi, kwa hiyo mkaguzi ambaye haombi ankara za jumla na hesabu ya stoo anapokea tu analoambiwa. Kosa la kawaida litakuwa boksi la senti 5 kuingizwa kama la senti 1. Kwenye boksi la 50 hiyo ni dola 2 zimepotea, na zikirundikana zinaweza kuwa mshahara wa mtu.

Mtu huyo tunamjua kazi yake. Ni yule anayefika kando ya kitanda Stroger usiku ule ule, kabla marafiki wa majeruhi hawajapanga kulipiza. Ni mtu wa mtaa, mara nyingi aliyewahi kufungwa, na anasikilizwa kwa sababu anajulikana. Uaminifu huo hujengwa kwa miaka na huvunjika mshahara ukikatika. Tuliliona hilo mwaka 2015: jimbo lilipokwama kwenye bajeti, fedha za CeaseFire, mpango wa watu wa kazi hiyo hiyo, zilisimama, ofisi nyingi zikafungwa, wafanyakazi wakatafuta vibarua vingine. Mwaka 2016 jiji likazika watu zaidi ya 750, idadi ambayo haikuwa imeonekana kwa karibu miaka 20. Hatusemi sababu ilikuwa hiyo tu. Tunaamini ilikuwa mojawapo, na hakuna aliyetuonyesha vinginevyo.

Kwa hiyo fedha ndogo lakini ya uhakika inafaa kazi hii kuliko ruzuku kubwa ya mwaka mmoja. Kodi ya bunduki, hata ikiwa chache, inaweza kuwa fedha hiyo. Inachohitaji ni kasma yake katika bajeti, yenye namba yake, isiyochanganywa na nyingine, na taarifa kila robo mwaka inayoonyesha idadi ya bunduki, idadi ya risasi kwa kila daraja, kiasi kilichokusanywa, kiasi kilichotoka na kilikokwenda. Ukurasa mmoja unatosha.

Tunaomba kasma hiyo iwemo kwenye bajeti hii, kabla makamishna 17 hawajapiga kura. Mengine tutayajadili mkituita. Hili la kasma halihitaji kamati wala mtaalamu wa kukodiwa. Linahitaji saini yako. Iwekwe peke yake, Mheshimiwa. Iwekwe peke yake, ihesabiwe peke yake, na tuonyeshwe.

Tunasubiri jibu lako kwa maandishi.

Wako katika ujenzi wa kaunti,
Wakazi na walipakodi wa upande wa kaskazini wa Chicago