Kaka, naomba muhtasari wa kikao

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama mfikishie salamu zake kabla hujaendelea, na ukimsomea barua hii ruka yale ya shamba, yatampandisha presha. Sisi huku wazima. Baridi ni ile ile, kazi ni ile ile, mtoto amerefuka na siku hizi anaota kwa Kiswidi. Hayo yanatosha.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu: mara ya kwanza kwenye basi, ya pili jikoni, ya tatu nikiwa nimeshakasirika. Nimeona niandike, maana tukipigiana simu utaanza na "ninyi watu wa Ulaya" nami nitakata. Unasema umechukua fomu ya udiwani, wazee wamekubariki, na kilichobaki ni "nauli za wajumbe" kabla ya kura za maoni ndani ya chama. Kaka, wajumbe wote hao wanakaa ndani ya kata. Nauli ya kwenda wapi?

Hela ya dawa za Mama nimeituma jana, na ada ya mtoto wa marehemu Dada imo humo humo, mgawanye kama nilivyoandika. Ya wajumbe sitatuma. Ukitaka kuchapisha karatasi zenye sura yako na mambo utakayoyafanya, gharama juu yangu, hata maneno nitakusaidia kuyapanga, kwa sababu hotuba zako nazijua: zinaanza na barabara, zinaishia kwenye methali. Lakini bahasha, hapana.

Najua utakachosema. "Amekaa huko miaka kumi, sasa anataka kutufundisha." Basi acha nijivune kidogo, nauli ya kuja huku nilijilipia mwenyewe.

Nimepiga kura Uswidi. Mimi, niliyekuwa natumwa maji ya kunywa wakati ninyi mnajadiliana. Huku ukishaandikishwa kuwa mkazi kwa miaka mitatu mfululizo, hata kama pasipoti yako ni ya kwetu, unachagua madiwani wa manispaa na wawakilishi wa mkoa. Wala huendi kujiandikisha popote, kadi inakufuata nyumbani kwa posta. Ya kwangu ya kwanza ilikuja 2018. Niliona bahasha ina nembo na tarehe, nikadhani ni bili, nikaitia kwenye droo ya bili. Nimekuja kuifungua Novemba. Uchaguzi ulikuwa Septemba. Hilo sijamwambia mtu, na wewe usimwambie shemeji yako.

Safari ya pili sikufanya uzembe. Ilikuwa Jumapili, tarehe 11 Septemba 2022. Kituo chetu kilikuwa ukumbi wa mazoezi wa shule, kamba za kukwea zimekusanywa na kufungwa ukutani, na hewa ina harufu ya raba za watoto. Karatasi za kura zina rangi tatu: njano ya Bunge, bluu ya mkoa, nyeupe ya manispaa. Mama mmoja mwenye miwani alitazama kitambulisho changu, akashusha rula kwenye orodha mpaka akafika kwenye jina letu la ukoo, akajaribu kulisoma, likamshinda, akacheka na mimi nikacheka. Halafu akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba ile ya njano si yangu.

Ya njano ni ya raia. Na uraia wao nikiuchukua, wa kwetu unaniponyoka, maana nchi yetu haitambui uraia pacha kwa mtu mzima. Na huko nyumbani nako, nikiwa huku siwezi kupiga kura. Kwa hiyo piga hesabu: huku nina karatasi mbili kati ya tatu, huko sina hata moja. Nilipotoka nje nikapiga picha, nikaiweka kwenye kundi la familia, wote mkaweka makofi. Habari ya ile ya njano sikuiandika.

Ila kilichonikaa moyoni ni cha usiku. Vituo vinafungwa saa mbili, na kura zinahesabiwa pale pale, mlango ukiwa wazi, mtu yeyote akitaka anaingia kutazama. Nilikwenda nyumbani nikamlaza mtoto, nikarudi na chai kwenye chupa. Watazamaji tulikuwa wawili, mimi na mzee mmoja ambaye baada ya nusu saa alikuwa anakoroma. Walianza na za Bunge. Wakazitoa kwenye bahasha moja moja, wakazipanga mafungu kwa vyama, mmoja anahesabu, mwenzake anarudia. Fungu moja hesabu mbili hazikulingana, tofauti karatasi moja. Nilidhani watasema aa, moja tu hiyo. Wakalivunja fungu zima wakaanza upya. Kumbe karatasi mbili zilikuwa zimegandana. Yule mama wa miwani akazitenganisha kwa kucha, akaziweka kila moja mahali pake, akaendelea kama vile hapajatokea kitu. Kaka, nilikaa pale na kikombe mkononi nikahisi kitu kama wivu.

Nchi nzima, kambi mbili za vyama zilikuja kupata viti 176 kwa 173, Bunge lenye viti 349. Viti vitatu! Jumatano yake waziri mkuu wao, Magdalena Andersson, akasimama mbele ya kamera akasema ameshindwa na anajiuzulu. Na usidhani nakuletea habari za peponi. Walioshinda walishinda wakiungwa mkono na chama kinachotaka wageni tupungue, na chama hicho ndicho kilishika nafasi ya pili kwa kura nchi nzima, karibu mtu mmoja kati ya kila watano waliopiga. Nikiwa mkweli kwako, usiku ule nilitamani wahesabu tena, na tena, mpaka itoke ninavyotaka mimi. Kazini kuna mwenzangu aliniambia wazi kwamba kura yake aliwapa wao. "Lakini si kwa sababu yako," akasema. Siku hiyo hiyo jioni basi langu halikuja, akanipa lifti hadi mlangoni. Njia nzima tulikuwa kimya. Mpaka leo sijajua nimweke fungu gani.

Sasa shamba.

Mlikaa kikao mwezi wa nane, watu sita, wote wanaume, mkanyoosha mikono mkaligawa. Mimi habari nimeipata kwa picha: mmesimama kwenye mpaka mpya, Baba Mdogo ameshika kamba, wewe umeshika kigingi, wote mnacheka. Hata Shangazi, anayekaa hatua hamsini kutoka pale, hakuitwa. Mama aliambiwa baadaye. Simu yangu ilikuwa wazi usiku na mchana. Mngenipigia hata kwa picha nikaonekana kwenye kioo nikiwa na joho la kazini, ningenyoosha mkono wangu na mimi.

Niwe mkweli, hasira yangu ya kwanza haikuwa nzuri. Ilikuwa ya pesa. Ua la shamba nimelipia mimi, kisima nimelipia mimi, na wakati wa kesi ya mpaka wakili nimemlipa mimi. Nilikuwa nimeshapanga maneno: anayelipa ndiye asemaye. Nikayaandika kabisa kwenye simu, bado kutuma. Wiki hiyo mwalimu wetu wa lugha akatusomea historia ya hawa watu. Kumbe zamani kwenye manispaa zao kura zilikwenda kwa mizani ya mali. Ukilipa kodi kubwa una kura nyingi, ukilipa ndogo una chache, fukara hana kitu, na kampuni nayo ilikuwa na kura zake kama mtu. Kuna vijiji ambako tajiri mmoja alikuwa na zaidi ya nusu ya kura zote, kwa hiyo kikao cha kijiji kilikuwa yeye na kiti chake. Hayo yaliendelea mpaka 1918 ndipo Bunge lao likaamua yafutwe. Wanawake walipiga kura ya Bunge kwa mara ya kwanza 1921. Darasa zima lilicheka habari ya yule tajiri. Mimi sikucheka, nilikuwa na ule ujumbe wangu mfukoni.

Nimeufuta. Sitaki kura za kisima na za ua. Nataka moja. Na Shangazi moja, na Mama moja, na wale mabinti wa Baba Mkubwa wawili kila mmoja yake. Tungekuwa kumi na mmoja, ninyi sita sisi watano. Bado mngeshinda, hesabu naijua. Lakini ningeshindwa nikiwa nimeshasema kwamba kile kipande cha mwembeni Baba alikitaja kwa ajili ya Mama, tena alikitaja mbele yako.

Kuna jambo moja la huku ambalo ningeweza kulifunga kwenye mzigo ningelileta hata kama ningelipia kilo za ziada. Wana sheria ya tangu 1766, ya uhuru wa kuchapisha habari, na ndani yake mtu yeyote anaweza kwenda ofisi ya umma akaomba kuona karatasi. Barua ya mkuu, mkataba, risiti, chochote, isipokuwa kile kilichofungwa na sheria za siri. Karani haruhusiwi kukuhoji wewe ni nani na unaitakia nini, ila pale anapotakiwa kupima kama kuna siri ndani. Nilijaribu. Walitaka kuifunga shule ya awali ya mwanangu, nasi wazazi tukaambiwa tu "imeamuliwa". Nikaenda masijala na Kiswidi changu cha kuokoteza nikaomba barua zote za jambo hilo. Moyo ulikuwa unanidunda, nimejiandaa kuulizwa kitambulisho, nimejiandaa kuambiwa njoo kesho, bosi hayupo. Kijana akasema subiri kidogo, akarudi na karatasi bado zina joto la mashine. Nikasoma nani alipendekeza, nani alipinga, gharama walizikadiriaje. Tukaandika malalamiko, tukaenda kwenye mkutano, mimi nikasimama nikasema sentensi nne.

Walifunga tu. Mtoto sasa anapelekwa mbali, vituo vitano vya basi. Lakini majina ya waliopiga kura kuifunga ninayo, na Septemba 2026 karatasi nyeupe nitakuwa nayo mkononi.

Na hapo ndipo narudi kwako, mheshimiwa mtarajiwa. Mwaka 1995 hapa kulikuwa na naibu waziri mkuu, Mona Sahlin, ambaye wengi walimhesabu kuwa ndiye waziri mkuu ajaye. Magazeti yakatoa kwamba kadi ya serikali ameitumia kununulia vitu vyake binafsi, na miongoni mwake chokoleti. Alijitetea kwamba pesa alikuwa akizirudisha. Hata hivyo akajitoa kwenye kinyang'anyiro, na ilimchukua miaka mingi kuinuka tena mpaka akaja kuongoza chama chake. Chokoleti, Kaka! Nilipowasimulia wenzetu wa hapa tunaotoka pande za kwetu, mmoja alidhani ni jina la kampuni ya ujenzi. Sasa niambie, ukiupata huo udiwani, mtu akija kuomba risiti za zahanati ya kata bila kutaja jina lake, utampa? Maana mimi ni mdogo wako wa tumbo moja, nimeomba karatasi moja ya kikao cha shamba la baba yetu tangu mwezi wa tisa, jibu ulilonipa ni kidole gumba.

Usinielewe vibaya. Nakutakia ushinde. Nikifumba macho nakuona kwenye benchi ya halmashauri na lile koti la Baba, limekubana mabegani, na nacheka peke yangu jikoni mpaka mtoto anauliza kuna nini. Hapa saa tisa alasiri jua limeshazama, na kuna siku ningetoa hiyo kura yangu nyeupe, na ya bluu juu yake, nisikie tu mvua inaanza kwenye bati letu na Mama anatuita tuanue nguo.

Kwa hiyo naomba hivi. Muhtasari wa kile kikao, kama upo, upige picha unitumie, kurasa zote, pamoja na sahihi. Kama haupo, kaeni muuandike sasa, na Shangazi awepo wakati unaandikwa. Na mkifika pale penye orodha ya wasiohudhuria, msiniandike "bila taarifa". Taarifa sikupewa.

Ni mimi mdogo wako,
wa kufuata Dada.

Nimesahau: picha ya karatasi ya kampeni usitumie ile ya harusini. Umefumba macho.