Jaribu Gari Uani Kwanza

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, goti tu. Dada yako ameniambia Prado ya marehemu baba yako mnaipeleka Ziwa Natron, na kwamba umeshalipia hema la kufunga juu ya keria. Ungeniuliza kwanza, maana njia ile nimeipita kabla hujazaliwa.

Hema sigombani nalo. Ombi langu ni moja: Jumamosi hii toa tairi moja hapo uani, ufunge spea, kwa jeki na spana zilizomo humo humo garini. Fundi asikusaidie.

Sisi tulipata pancha mbele ya Engaruka, saa saba mchana. Gereji moja ilikuwa imekaza nati kwa mashine. Baba yako akakanyaga spana mpaka ikapinda, nati haikutikisika. Jeki nayo inazama kwenye jivu la Lengai, ule mlima wa volkano. Gari likipanda kidole, linashuka viwili. Nikatoa kibao changu cha kukatia vitunguu tukakitia chini ya jeki. Kilipasuka, lakini gari lilinyanyuka. Nati zilitushinda mpaka wakatokea vijana wawili wa Kimasai na mbuzi wao. Mmoja akaenda bomani, akarudi na bomba la chuma, akalichomeka kwenye mkono wa spana na kulining'inia. Nati ikalia kama mlango wa zamani, ikaachia. Bomba wakatuachia, wakakataa pesa, wakachukua maji.

Maji hayo usiyapange juu. Madumu matano ya lita 20 ni kilo 100, na ukiongeza hema, kwenye kona gari litayumba kama mlevi. Yaweke chini, nyuma ya viti, uyafunge kwa kamba. Usihesabu kuchota ziwani. Maji yale ni ya magadi, hata rejeta hayaifai.

Na rejeta yenyewe ioshe, utoe mbegu za nyasi. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kule mnashuka hadi 600 hivi. Gari lisilochemka Njiro linaweza kuchemka kule. Likichemka, zima, kaa kivulini, na mfuniko usiuguse mpaka upoe.

Mafuta jaza Mto wa Mbu. Penye mchanga punguza upepo wa tairi kutoka psi 35 hadi 20 na kitu, uende polepole. Ukirudi kwenye lami jaza tena, kwa hiyo nunua ile pampu ya kuunga kwenye betri. Taa za urembo za mbele, hizo za rafiki yako, mtanisamehe, sioni kazi yake. Korongo likiwa linatiririka, subirini ng'ambo hii, hata kama ni kulala.

Lile bomba liko stoo, nyuma ya mlango, limeota kutu upande mmoja. Lichukue. Na ubao ununue mwenyewe, jikoni kwangu usiguse kitu.

Mama yako